Kufundisha Watoto Kutambua Wazo Kuu Katika Kusoma: Mifano Kutoka Uvira na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Katika mtaa mmoja wa Uvira, mwandishi wa makala haya alishuhudia jambo dogo ambalo ndilo chanzo cha maelezo yafuatayo. Mama mmoja muuza ndagala, ambaye hakubahatika kwenda shule, alikuwa ameletewa karatasi ya tangazo la afya. Akamwita binti yake wa darasa la tano amsomee. Binti aliisoma karatasi nzima kwa sauti nzuri, bila kukwama, tangu jina la ofisi iliyotoa tangazo hadi tarehe iliyoandikwa chini. Alipomaliza, mama akamwuliza: "Sasa mwanangu, wanasema nini?" Binti akajibu: "Mama, wanaongea juu ya kipindupindu." Mama akasema: "Hilo nimelisikia. Juu ya kipindupindu, wanasema tufanye nini?" Binti akaiinamia karatasi, akaanza kuisoma upya tangu juu.

Tangazo lile lilikuwa na ujumbe mmoja tu wa lazima: maji ya ziwa na ya mito yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Ujumbe huo ulikuwa umewekwa katikati, baada ya maneno ya salamu na kabla ya orodha ya vyeo. Binti aliutamka kwa kinywa chake, wala hakuupata. Hakuwa na akili pungufu, wala hakukosa bidii. Shule ilikuwa imemfundisha kuyatamka maandishi, lakini haikuwa imemfundisha kuyauliza yanasema nini.

Makala haya yanakusudia kueleza ustadi huo uliokosekana, yaani ustadi wa kutambua wazo kuu la habari inayosomwa. Kwanza tutafafanua maana ya wazo kuu na kulitenga na mambo yanayofanana nalo. Pili tutachunguza sababu zinazowafanya watoto wa mwambao huu walikose. Tatu tutaonyesha njia ambazo mwalimu anaweza kuzitumia, hata akiwa na ubao na chaki tu, tena mbele ya darasa lililojaa. Mifano yote ya habari za kusoma imetungwa kwa ajili ya makala haya, na inahusu mambo ambayo mtoto wa Uvira anayaona kwa macho yake.

2.0 Wazo kuu ni nini?

Mama yule, pasipo kusoma ualimu, alitoa ufafanuzi bora kuliko unaopatikana katika vitabu vingi. Alitenga maswali mawili. Swali la kwanza ni: habari hii inazungumzia nini? Jibu lake ni mada, na aghalabu huwa neno moja au fungu la maneno: kipindupindu, uvuvi, mto Ruzizi. Swali la pili ni: habari hii inasema nini juu ya mada hiyo? Jibu lake ndilo wazo kuu, na sharti liwe sentensi kamili, kwa kuwa wazo lina mtajwa na jambo linalosemwa juu yake. Mtoto anayejibu kwa neno moja ametaja mada, naye bado yuko nusu ya safari.

Tuchukue habari ifuatayo, inayofaa darasa la nne:

"Wavuvi wa ndagala huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Huwasha taa juu ya maji ili ndagala wafuate mwanga, kisha huinua wavu kutoka chini. Usiku wa mbalamwezi mwanga umeenea juu ya ziwa zima, na taa ya mvuvi haiwezi tena kuwakusanya samaki mahali pamoja. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu zao, na ndagala huwa ghali sokoni."

Mwalimu akiuliza wazo kuu la habari hii, atapata majibu ya aina nne ambayo kila aliyefundisha atayatambua. Wa kwanza atasema: "Wavuvi." Huyu ametaja mada, tena mada pana mno. Wa pili atasema: "Ndagala huwa ghali sokoni." Huyu amechukua jambo moja la kweli lililomgusa, labda kwa sababu nyumbani amesikia mama akilalamika juu ya bei, lakini bei ni tokeo lililoambatanishwa mwishoni. Wa tatu atasema: "Tusiwe wavivu, tushone nyavu zetu." Wa nne atasema: "Wavuvi wa ndagala hawaendi ziwani wakati wa mwezi mpevu kwa sababu mwanga wa mwezi unaishinda taa yao." Huyu wa nne ndiye aliyepata.

Jibu la tatu linastahili kuangaliwa kwa makini, maana halitokani na uzembe. Mtoto huyu amelelewa katika ngano na methali. Kila hadithi aliyosimuliwa jioni ilimalizika kwa swali: tunajifunza nini? Shule nayo imeendeleza desturi hiyo njema katika masomo ya hadithi. Matokeo yake ni kwamba anapokutana na habari ya maelezo, isiyo na sungura wala fisi, bado anatafuta funzo, na asipolikuta analitunga. Ni wajibu wa mwalimu kumwonyesha kwamba funzo ni lile ambalo msomaji anaondoka nalo kwa ajili ya maisha yake, na wazo kuu ni lile ambalo mwandishi ameliweka katika habari yake. Wakati mwingine mambo hayo mawili hukutana. Katika habari ya ndagala hayakutani.

3.0 Sababu za ugumu

3.1 Sababu za kimafunzo

Sababu ya kwanza ni namna somo la kusoma linavyoendeshwa. Katika madarasa mengi mwalimu husoma, watoto hurudia kwa pamoja, kisha mmoja mmoja husimama na kusoma kwa sauti. Hatimaye huulizwa maswali: nani alikwenda? alikwenda wapi? siku gani? Maswali haya yote hujibiwa kwa kunakili maneno yaliyomo katika sentensi moja. Mtoto anaweza kuyajibu yote kwa usahihi bila kuunganisha sentensi hata mbili.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Mtaalamu wa Marekani, Dolores Durkin, alichapisha uchunguzi wake katika miaka ya 1978 na 1979, baada ya kukaa madarasani akipima jinsi walimu wanavyotumia muda wa kusoma. Katika dakika 4,469 za masomo ya kusoma ya darasa la nne alizozishuhudia, ni dakika 20 tu zilizotumika kufundisha jinsi ya kuelewa. Walimu waliuliza maswali mengi, lakini kuuliza swali ni kupima, si kufundisha. Anayemwuliza mtoto "wazo kuu ni lipi?" na kumsahihisha kwa "hapana, mwingine" amempima mara mbili na hajamfundisha hata mara moja.

Hapa kwetu wingi wa wanafunzi umeongeza uzito wa jambo hili. Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ilipofanywa bure mnamo Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wamepata nafasi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile. Darasa likijaa, kusoma kwa pamoja huwa ndiyo njia rahisi ya kulituliza, na sauti kubwa ya darasa humfanya mwalimu aamini kwamba wote wanasoma.

3.2 Kanuni ya uongo ya sentensi ya kwanza

Sababu ya pili ni kanuni ambayo walimu wengi tumeirithi: kwamba wazo kuu hukaa katika sentensi ya kwanza ya aya. Kanuni hii ina ukweli kiasi katika vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya kufundishia. Nje ya vitabu hivyo haina uhakika. Katika habari ya ndagala, sentensi ya kwanza inaeleza saa za kazi tu, na wazo kuu limefungwa na maneno "ndiyo maana" mwishoni. Katika matangazo na barua za kwetu, adabu hutaka salamu zitangulie, kisha sababu, ndipo haja itajwe. Mtoto aliyezoeshwa sentensi ya kwanza akisoma barua ya mjomba, atatoka na habari kwamba mjomba hajambo.

3.3 Sababu za lugha

Sababu ya tatu ni ya kiisimu. Mtoto wa mwambao huu hukua kati ya lugha kadhaa. Nyumbani huenda husikia Kivira au Kifuliiru. Kuelekea Baraka na Fizi, Kibembe. Katika bonde la Ruzizi, Kirundi pia. Sokoni na mchezoni husema Kiswahili cha mtaa. Shuleni hukuta Kiswahili sanifu kitabuni, na baada ya miaka michache Kifaransa huchukua nafasi kubwa. Nguvu nyingi za akili yake hutumika kutafuta maana ya neno moja moja, na kinachobaki hakitoshi kuiona habari kwa ujumla wake. Tutarudi kwenye jambo hili katika sehemu ya tano, kwa maana lugha hizo hizo zinazoonekana kuwa kikwazo zina msaada ndani yake.

4.0 Jinsi akili inavyofupisha habari

Mwaka 1978, Walter Kintsch na Teun van Dijk walieleza kwamba msomaji mzuri hahifadhi sentensi zote alizosoma. Huzipunguza hatua kwa hatua mpaka abaki na umbo dogo la habari. Walitaja kanuni ambazo kwa Kiswahili tunaweza kuziita udondoshaji, ujumlishaji na uundaji.

Katika udondoshaji, msomaji huacha jambo ambalo likiondolewa, mengine yote hubaki na maana. Katika habari ya ndagala, "wakishona nyavu zao" inaweza kudondoshwa bila hasara. Katika ujumlishaji, hukusanya vitu vingi chini ya jina moja: ndagala, mukeke na kuhe huwa "samaki", ndoo, bidoni na mtungi huwa "vyombo vya maji". Katika uundaji, hutunga sentensi mpya isiyokuwamo katika habari, lakini inayolazimishwa na mambo yote yaliyomo.

Mwaka 1983, Ann Brown na Jeanne Day walichunguza ni lini wanafunzi humudu kanuni za namna hii. Waliona kwamba hata watoto wadogo huweza kudondosha mambo yasiyo na uzito, bali uwezo wa kutunga sentensi ya wazo kuu pale isipoandikwa huchelewa sana, hata kwa vijana wakubwa. Matokeo haya yanampa mwalimu mpangilio wa kazi: aanze na kufuta, aendelee na kujumlisha, amalizie na kuunda. Anayeanza na kuunda anamtaka mtoto apande ngazi kwa kuanzia juu.

Habari ifuatayo, ya darasa la sita, inadai uundaji:

"Bomba la mtaa lilikauka Jumatatu. Jumanne akina mama walishuka ziwani na ndoo na bidoni. Makaa yalikuwa ghali, na nyumba nyingi zilikunywa maji hayo bila kuyachemsha. Mwisho wa juma, kituo cha matibabu ya kipindupindu kilipokea wagonjwa wengi kuliko juma lililotangulia."

Hakuna sentensi hata moja inayosema wazo kuu. Msomaji ndiye anayepaswa kuunganisha bomba na kituo cha matibabu: maji ya bomba yakikatika, watu hunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa, na kipindupindu huongezeka. Na jambo hili si la kubuni tu. Utafiti uliofanywa Uvira kwa kumbukumbu za miaka ya 2009 hadi 2014, ukachapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba siku isiyo na maji ya bomba ilifuatwa na ongezeko la wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Mtoto anayeweza kuunda wazo kuu la habari hii amefanya kwa kiasi chake kazi ile ile waliyoifanya watafiti hao: ameona uhusiano ambao haukuandikwa mahali popote.

5.0 Msaada uliomo katika sarufi

Vitabu vya ualimu vinavyotufikia vingi vimeandikwa kwa kufuata lugha za Ulaya, kwa hiyo haviutaji msaada mmoja ambao Kiswahili kinautoa bure. Nao ni upatanisho wa ngeli. Katika Kiswahili, jambo linalozungumziwa huacha alama yake katika vitenzi na vivumishi vinavyolihusu, na alama hiyo hufanana na uzi unaopita katika aya nzima. Tuangalie habari hii:

"Mto Ruzizi hutoka ziwa Kivu na kushuka hadi bondeni. Zamani wageni kutoka Ulaya walibishana kama unaingia katika ziwa Tanganyika au unatoka humo, maana walidhani huenda ndio mwanzo wa Nile. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia ziwani, lakini hawakuufikia. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliufikia kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwamba kweli unaingia."

Majina manne mashuhuri na tarehe mbili huvuta macho ya mtoto. Ukimwuliza wazo kuu, atasema: "Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi." Sasa mwambie apigie mstari kila kiambishi kinachorejelea mto: unaingia, unatoka, hawakuufikia, waliufikia, unaingia. Kisha apigie mstari viambishi vya watu: wa- ya wageni, wa- ya Burton na mwenzake, wa- ya Livingstone na mwenzake. Ataona kwamba watu wanabadilika kila sentensi, bali mto unabaki. Mada ni Ruzizi. Kisha aulize kitenzi gani kinarudiwa pamoja na uzi huo: ni kuingia. Wazo kuu linajitokeza lenyewe: Ruzizi huingia katika ziwa Tanganyika, na neno la wenyeji lilithibitishwa na wageni baada ya miaka 13.

Hapa ndipo Kiswahili cha mtaa kinapomtatiza mtoto. Mtaani husikika "mto inaingia", "kitabu yangu", na mengine ya namna hiyo, ambapo i- na ya- zimechukua kazi za ngeli nyingi. Nyuzi zote zikiwa na rangi moja, hakuna awezaye kufuata mmoja. Haifai kumkemea mtoto kwa usemi huo, kwani ndio usemi wa watu wake na una utaratibu wake. Inafaa kumwonyesha kwamba kitabu kinatumia nyuzi za rangi nyingi. Tena lugha yake ya nyumbani inamsaidia: Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi ni lugha za Kibantu zilizohifadhi ngeli zao kikamilifu. Mwalimu anayejua mojawapo anaweza kuomba sentensi moja ya nyumbani iandikwe ubaoni, na watoto wenyewe wataona kwamba uzi huo wanaufahamu tangu utotoni.

Zaidi ya ngeli, kuna maneno yanayoashiria uzito wa sentensi. "Kwa mfano" na "kama vile" huashiria kwamba kinachofuata ni maelezo ya ziada. "Kwa hiyo", "ndiyo maana" na "hivyo basi" huashiria kwamba kinachofuata kinakusanya yaliyotangulia. "Lakini" na "hata hivyo" mara nyingi hutangulia upande ambao mwandishi anauegemea. Maumbo ya ndi-, yaani ndiye, ndicho, ndilo, humwonyesha msomaji mahali mwandishi alipoweka msisitizo. Alama hizi zinaweza kuandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani mwaka mzima.

6.0 Utaratibu wa somo

Utaratibu tunaoupendekeza unahitaji habari moja fupi ya sentensi nne hadi sita, iliyoandikwa ubaoni. Una hatua tano.

Kwanza, kusoma kimya. Watoto wasome kwa macho kabla ya sauti yoyote kusikika. Baadaye mmoja asome kwa sauti ili wenye kuchelewa wasiachwe.

Pili, swali la mada. "Habari hii inazungumzia nini?" Jibu liwe neno moja au mawili, na mtoto aonyeshe uzi uliomwongoza. Hapo mwalimu aandike neno hilo juu ya ubao.

Tatu, kufuta. Mwalimu aulize: "Tukifuta sentensi hii, habari itaharibika?" Watoto wapinge au wakubali kwa sababu. Sentensi isiyoharibu ifutwe kweli kwa kitambaa. Watoto hupenda hatua hii, na ndiyo inayowafundisha kwamba sentensi za habari hazina uzito sawa. Mwalimu aifanye mara ya kwanza yeye mwenyewe, akisema kwa sauti anavyofikiri: "Naona hapa kuna kushona nyavu. Je, bila nyavu kushonwa, bado naelewa kwa nini hawaendi ziwani? Naelewa. Basi naifuta." Fikra ya mwalimu ikisikika, mtoto hupata cha kuiga.

Nne, kazi ya mjumbe. Katika nyumba zetu mtoto hutumwa kila siku: "Nenda kwa mama mkubwa, umwambie kwamba sitakuja leo, mgeni amefika, na ile pesa nitampelekea kesho." Mtoto akifika hasemi maneno yote aliyoyasikia. Husema: "Mama anasema hatakuja leo, amepata mgeni, pesa ni kesho." Amedondosha na amefupisha bila kufundishwa na mtu, tena anajua kwamba akikosea ujumbe atarudishwa. Kwa hiyo mwalimu amtume mtoto mmoja kwa mwenzake aliyekuwa nje ya darasa, amwambie habari ile kwa pumzi moja. Mwenzake aingie na kulieleza darasa alichoelewa. Darasa zima liamue kama ujumbe umefika. Katika madarasa makubwa, kazi hii ifanywe wawili wawili, kila mmoja akimwambia jirani yake wa benchi.

Tano, kuandika na kuhakiki. Kila mtoto aandike wazo kuu kwa sentensi moja. Kisha sentensi hiyo ipimwe kwa swali: je, sentensi nyingine zote za habari zinaitumikia hii? Kama kuna sentensi kubwa iliyobaki nje, wazo ni finyu mno. Kama sentensi hiyo ingefaa pia habari nyingine kumi, kwa mfano "Ziwa ni muhimu", wazo ni pana mno.

Katika kusahihisha, mwalimu asidai maneno fulani. Majibu mawili yenye maneno tofauti yanaweza kuwa sahihi yote mawili, mradi yataje mada ile ile na jambo lile lile. Na mtoto aliyekosea aulizwe ni sentensi ipi iliyomfanya afikiri hivyo, kwani mara nyingi kosa lake lina njia, na njia hiyo ndiyo inayopaswa kunyoshwa.

7.0 Kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa

Wazazi wengine huuliza kwa nini tupoteze muda kwa Kiswahili ilhali mtihani wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi unamngoja mtoto na habari ya Kifaransa. Swali hili ni la haki, na linahitaji jibu la wazi.

Kutambua wazo kuu ni kazi ya akili inayofanywa kwa lugha, lakini haifungwi na lugha moja. Jim Cummins wa Kanada alieleza mwaka 1979 kwamba ustadi wa kisomo uliojengwa katika lugha ya kwanza huwa msingi wa ustadi huo katika lugha ya pili. Mtoto aliyejifunza kutenga mada na wazo kuu katika lugha anayoielewa, akifika kwenye Kifaransa atakuwa na upungufu mmoja tu, wa msamiati. Yule aliyeanza moja kwa moja na Kifaransa atakuwa na upungufu wa msamiati na wa ustadi kwa pamoja, na mwalimu hataweza kujua ni upi unaomwangusha.

Sheria pia iko upande huu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za kitaifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya mwongozo wa elimu ya taifa namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za kitaifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa lugha za kufundishia, na pia kuwa masomo. Kwa hiyo mwalimu anayetumia saa ya Kiswahili kufundisha wazo kuu hatoki nje ya mtaala. Anautekeleza, na anaiandaa saa ya Kifaransa inayofuata. Inafaa kisha habari ile ile ya ndagala iletwe kwa Kifaransa chepesi, ili mtoto aone kwamba maneno yamebadilika na wazo limebaki.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wazo kuu ni sentensi inayosema jambo juu ya mada. Kwamba halina makao ya kudumu katika aya. Kwamba hutofautiana na funzo. Na kwamba hupatikana kwa kufuta, kujumlisha na kuunda. Tumeonyesha pia kwamba mtoto wa mwambao huu anakuja shuleni akiwa na akiba mbili ambazo shule haijazitumia vya kutosha: ngeli za lugha zake na kazi yake ya kila siku ya kupeleka ujumbe.

Yapo ambayo njia hii haiwezi. Haiongezi vitabu, haipunguzi idadi ya watoto katika benchi moja, wala haimsaidii ambaye bado hajaweza kusoma herufi. Huyo wa mwisho anahitaji kwanza kufundishwa herufi na silabi kwa subira, huku akizoeshwa wazo kuu kwa kusikiliza.

Lakini umuhimu wake hauishii darasani. Katika nyumba nyingi za Uvira mtoto ndiye msomaji wa nyumba. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020 na kuchukua nyumba na watu, na familia nyingi zilipovuka kwenda Burundi mwaka 2025, karatasi na ujumbe wa simu ulipita mkononi mwa watoto kabla ya kufika masikioni mwa wakubwa. Mtu mzima aliyesimama mlangoni na mzigo kichwani hana nafasi ya kusomewa karatasi nzima mara mbili. Anauliza kama alivyouliza mama yule: wanasema tufanye nini? Shule iliyomwezesha mtoto kulijibu swali hilo kwa sentensi moja imefanya kazi yake.